Bunduki yenye darubini ya kiwandani: kisa cha mwindaji mgeni wa Erie

"Kaka, nichukue ile yenye iko na darubini tayari, ao ninunue kila kitu mbali-mbali?"

Swali lilikuja hivyo, kwa simu, na anayeuliza alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya duka akitaka jibu palepale. Nilimwambia atoke dukani kwanza. Jibu la swali lile linategemea mambo ambayo muuzaji hakuwa na sababu ya kumuuliza: atawinda wapi, ana fedha kiasi gani zikihesabiwa na risasi, na nani anaishi naye nyumbani.

Huyu ndugu ni mzaliwa wa Uvira, Kivu Kusini. Alikaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani, na sasa anaishi Erie, mji wa kando ya ziwa kaskazini-magharibi mwa Pennsylvania. Anafanya kazi kiwanda cha plastiki. Wenzake wa zamu wana nyumba ya mbao ndani ya msitu wa Allegheny, ambako kila mwaka huenda kuwinda kulungu wa mkia mweupe baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya mwishoni mwa Novemba, nao walimkaribisha. Kozi ya usalama wa uwindaji alishamaliza, maana Pennsylvania haimpi leseni mwindaji mpya bila hiyo, hata awe na umri gani. Leseni yenyewe kwa mkazi wa jimbo ni dola 20 na kidogo. Kilichobaki ni bunduki, na bajeti yake yote ilikuwa dola 600.

Yote, nasisitiza. Wengi wakitaja bajeti huwa wanataja bei ya bunduki, halafu wanagundua kwamba hawana fedha ya risasi za mazoezi.

Aina ya bunduki haikuwa na mjadala. Pennsylvania hairuhusu kuwinda kulungu kwa bunduki inayojipakia yenyewe. Lazima mkono wa mwindaji ndio ufanye kazi ya kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Hapo bunduki ya bolti, ile komeo ya chuma inayovutwa kwa mkono, ndiyo rahisi, imara na sahihi kuliko nyingine kwa fedha ileile. Mfumo wake haujabadilika sana tangu bunduki ya Kijerumani, Mauser ya 1898: unainua mkono wa bolti, unauvuta nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, unashusha, chemba (chumba cha risasi) imefungwa.

Lakini bolti ilikuwa na faida nyingine ambayo mimi sikuitaja, aliitaja mke wake. Mama yule alikataa katakata bunduki kuingia nyumbani. Familia nzima ilikimbia bunduki. Walichojua kuhusu silaha ni askari na wanamgambo wa Mai-Mai, na uwindaji wa kwao ni wavu, mbwa, mitego, na gobore la mzee mmoja kijijini. Mazungumzo yalifunguka siku alipoonyeshwa kwamba bolti inachomoka nzima kwa sekunde chache, na bila bolti kile kinachobaki ni bomba na kitako. Masharti yake yakawa haya: bolti ikae kwenye kisanduku chenye ufunguo, risasi zikae mahali pengine, na bunduki ifungwe kwa kufuli la waya lililopitishwa ndani ya chemba. Ni masharti mazuri kuliko ya wazee wengi waliozaliwa na bunduki ukutani.

Njia tatu kwa dola 600

Njia ya kwanza ni seti: bunduki iliyotoka kiwandani na darubini juu yake, ikiwa imefungwa na kulinganishwa na mtutu kwa macho. Mifano inayojulikana sana ni Savage Axis II XP, Ruger American inayouzwa na darubini ya Vortex Crossfire II, na Mossberg Patriot yenye darubini kama hiyohiyo. Karibu zote huja na darubini ya 3-9x40, maana yake inakuza mara 3 hadi 9 na kioo cha mbele kina kipenyo cha milimita 40. Bei huzunguka kati ya dola 400 na 600.

Njia ya pili ni kununua bunduki tupu, darubini unayoitaka, pamoja na pete zinazoishika na vikalio vya chuma vinavyobeba pete juu ya bunduki. Ya tatu ni bunduki iliyotumika, na Pennsylvania imejaa bunduki nzuri zilizotumika.

Ya tatu niliitoa mapema. Bunduki ya zamani ni nzuri kwa mtu anayejua kutazama ndani ya mtutu na kutambua kutu, au chemba iliyochakaa. Mgeni hawezi, na mimi sikai Erie. Angeuziwa hadithi ya babu wa mtu.

Ya pili ndiyo ambayo wajuzi wengi huitetea, na wana hoja: ukichagua darubini mwenyewe na kuifunga mwenyewe, unajua kila kitu kilivyokazwa. Ila tupige hesabu. Bunduki tupu ya daraja hilo ni kama dola 400. Darubini ya kuaminika ni 150 hadi 200. Pete na vikalio ni kama 40. Hapo umeshagonga 600 au kupita kabla ya kodi ya mauzo ya asilimia 6, na hujanunua hata risasi moja. Kwa mtu mwenye dola 900 ningesema njia ya pili bila kusita. Kwa mwenye 600, anayehitaji kujifunza kupiga kuliko anavyohitaji kitu kingine chochote, seti inamwachia fedha ya risasi.

Watu hudharau bunduki za seti kwa sababu isiyo sahihi. Wanadhani bei ndogo maana yake mtutu mbaya. Sivyo. Savage tangu Model 110 ya 1958 wamekuwa wakifunga mtutu kwa nati kubwa inayomwezesha fundi kurekebisha nafasi ya chemba haraka bila kazi ndefu ya mkono, na Ruger American nayo inatumia nati kama hiyo. Mashine za leo zinatoa mitutu iliyonyooka kwa bei ambayo miaka 50 iliyopita isingewezekana. Akiba inapatikana kwingine: kitako cha plastiki chepesi kinachopinda ukikibana, magazini (kisanduku cha risasi) ya plastiki, bolti inayokwaruza kidogo ikivutwa. Na darubini. Na zaidi ya darubini, ule ufungaji wa darubini, maana ni kazi ya dakika chache inayofanywa na mtu asiyekujua, asiyejua urefu wa shingo yako wala unene wa koti lako.

Kwa hiyo nilichomwambia ni kwamba seti ni sawa, lakini darubini aihesabu kama iliyowekwa pale kwa muda, si iliyofungwa.

Risasi gani

Hapa nilimtaka asikilize wenzake wa ile nyumba ya msituni kuliko wataalamu. Wale wanatumia .308 Winchester, risasi iliyotoka 1952, ambayo kila duka dogo katika wilaya za misitu huwa nayo. Mtu akisahau kasha lake nyumbani, mwenzake atamkopesha. Kwa kichwa cha greni 150, karibu gramu 9.7, inatoka kwa kasi ya kama futi 2,820 kwa sekunde, na kulungu wa Pennsylvania hahitaji zaidi ya hapo.

.30-06 ya 1906 ingefaa pia ila inasukuma bega zaidi. .243 ya 1955 ni laini na inatosha kwa kulungu, na kama angekuwa mtu mwembamba au mwenye hofu ya mshindo ningemsukumia hiyo. 6.5 Creedmoor ya 2007 inasifiwa na vijana wote. Ni nzuri kweli, lakini sifa zake kubwa zinaanza kuonekana katika umbali ambao msitu ule haumpi mtu nafasi ya kuuona. Allegheny ni miti ya cheri nyeusi na hemloki, mabonde, na majani ya kangaga yaliyokauka. Risasi nyingi hupigwa chini ya yadi 100.

Kaunta

Kabla ya kurudi dukani alikwama kwa jambo dogo. Fomu ya serikali ya kununua silaha, inayojulikana kwa namba yake 4473, inataka anwani unayoishi sasa, na kitambulisho chako kilingane nayo. Alikuwa amehama nyumba na leseni yake ya udereva ilikuwa bado na mtaa wa zamani. Akarekebisha kwanza. Kwa mkazi wa kudumu kuna pia namba yake ya uhamiaji ya kuandika, na majina yafuate mpangilio uleule wa kadi. Majina yetu matatumatatu yanayobadilishana nafasi kila ofisi yanaweza kumchelewesha mtu bure. Ukaguzi wa historia ya mnunuzi Pennsylvania unafanywa na polisi wa jimbo kupitia mfumo wao, PICS.

Nilimsimulia kwa simu akiwa njiani, maana naona watu hawajui: mwaka 1909 jimbo hilohilo lilitunga sheria iliyomkataza mgeni asiye raia kuwinda, na hata kumiliki bunduki ya aina yoyote ya kuwindia. Mwitaliano mmoja, Joseph Patsone, alishtakiwa, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na 1914 majaji wakaiacha sheria isimame. Leo mkazi wa kudumu anajaza fomu ileile kwenye kaunta ileile na mzawa.

Dukani tulikuwa tukiongea kwa simu ya video. Sitataja jina la aliyoichukua mwishoni, kwa sababu kilichotokea baadaye kingeweza kutokea kwa seti yoyote, na nikitaja jina watu watabishania chapa. Nitaeleza tulichotazama.

Bolti aliifungua na kuifunga bila kuondoa kitako begani. Mtu akilazimika kushusha bunduki ili afungue bolti, msituni atapoteza risasi ya pili. Sefti, kile kizuizi cha kufyatua, ilikuwa juu ya shingo ya kitako, chini ya dole gumba, mahali pazuri kwa mtu atakayevaa glovu. Kifyatulio kilikuwa kinaweza kurekebishwa uzito. Seti za bei ya chini kabisa wakati mwingine zina kifyatulio kizito kinachomfanya mwanafunzi avute bunduki nzima upande. Karatasi ilipita kati ya mtutu na kitako tangu ncha hadi karibu na chemba, lakini alipobana kitako kwa nguvu karatasi ikanaswa. Hiyo ndiyo plastiki ninayoisema. Dawa yake ni kuegemeza bunduki karibu na magazini, si kwenye ncha ya kitako.

Darubini ndiyo iliyochukua muda. Taa za dukani hudanganya. Kioo chochote kinaonekana safi chini ya taa nyeupe. Nilimwomba muuzaji, kwa heshima, amruhusu atazame nje kupitia mlango jua likizama, na akakubali. Hapo ndipo namba zinapoanza kuwa na maana. Gawa kipenyo cha kioo cha mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni: 40 kwa 9 ni milimita 4.4, na 40 kwa 6 ni 6.7. Mboni ya mtu gizani hupanuka hadi kufika karibu milimita 7. Kwa hiyo darubini ileile iliyoonekana chafu kwenye 9 ikafunguka alipoishusha hadi 6. Wanaowinda msituni kwenye 9 muda wote wanajinyima mwanga na pia wanajinyima upana wa kuona. Nilimwambia aiache kwenye 3 au 4 akiwa anasubiri.

Bei ilikuwa dola 460. Na kodi, 487 na senti. Makasha mawili ya risasi, fulana na kofia ya rangi ya machungwa (sheria inataka inchi za mraba 250 za rangi hiyo kichwani, kifuani na mgongoni), vizibo vya masikio. Akabaki na vijisenti.

Bunduki "haiko muzuri"

Jumamosi iliyofuata alikwenda uwanja wa shabaha na mwenzake wa kazini. Jioni akanitumia picha ya karatasi ya shabaha na sauti ya uchovu: "Kaka, hii bunduki haiko muzuri. Nataka niirudishe."

Karatasi ilikuwa ya kusikitisha. Kwenye yadi 100 matundu yalitawanyika eneo la upana wa inchi 9 au zaidi, na mengine hayakufika karatasini kabisa. Muuzaji hana wajibu wa kupokea bunduki iliyokwisha kupigwa, na kiwanda kingechukua wiki kadhaa. Kabla ya kwenda huko nilimwuliza maswali kwa utaratibu, na hapa ndipo kisa kinapokuwa na faida kwa mwingine, kwa sababu majibu yalionyesha matatizo manne yaliyopandana, na hakuna hata moja lililokuwa la mtutu.

La kwanza, risasi. Makasha yake mawili yalikuwa tofauti: moja greni 150, jingine greni 180, chapa mbili. Alikuwa amechanganya kwenye magazini moja. Vichwa vya uzito tofauti vinatoka kwa kasi tofauti, na mtutu unatikisika tofauti. Haviangukii mahali pamoja hata bunduki ikiwa imefungwa kwenye chuma. Kuchanganya peke yake kunaweza kukupa makundi mawili yaliyoachana kwa inchi kadhaa.

La pili, walianza kwenye yadi 100 moja kwa moja, wakiamini neno la kwenye boksi kwamba bunduki imelinganishwa kiwandani. Kulinganisha kule ni kwa macho au kwa kifaa cha mwanga, hakuna risasi iliyopigwa. Kunakusaidia kugonga karatasi kubwa kwenye yadi 25, basi. Na walikuwa wakizungusha virekebisho, vile vifundo vya darubini vinavyosogeza msalaba wa kulengea, baada ya kila risasi, wakifukuza tundu la mwisho.

La tatu, yeye mwenyewe. Nilimwomba aombe mwenzake ampakilie, mara risasi ya kweli, mara ganda bandia, bila kumwambia, na amrekodi. Kwenye video, kifyatulio kilipogonga ganda bandia, ncha ya mtutu ilizama kama mtu anayechota maji. Alikuwa anausubiri mshindo. Bunduki ya ratili 7 na .308 inasukuma bega vya kutosha, na mtu mwenye historia yake na milio ya bunduki ana sababu zaidi ya kufumba macho. Hilo halitatuliwi kwa kukemewa. Vizibo vya ndani ya masikio na vya nje kwa pamoja, taulo lililokunjwa begani, na risasi chache kwa kikao. Mshindo ukipungua masikioni, bega nalo linatulia. Nimeona hivyo kwa watu wengi.

La nne ndilo nililolitarajia tangu dukani. Nilimwambia alete kamera karibu na pete ya mbele ya darubini. Mbele yake kidogo, kwenye rangi nyeusi ya bomba, palikuwa na mstari unaong'aa wa upana wa kama milimita 2. Bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo, darubini hutaka kubaki ilipo. Pete zisipoibana vya kutosha, bomba linateleza mbele kidogo kila risasi, na ule mstari ndio alama ya mahali pete ilipokuwa imeshika. Kisha nikamwomba ajaribu skrubu za kikalio cha nyuma kwa bisibisi. Moja ilizunguka karibu nusu duara bila ubishi.

Basi hapo hata mpiga shabaha wa jeshi angetawanya.

Kufunga upya

Kazi ilifanyika mezani jikoni, bolti ikiwa imetolewa. Alinunua bisibisi yenye kipimo cha kukaza, ile inayosoma kwa inchi-ratili, na ndiyo iliyomaliza vijisenti vilivyobaki. Akaitoa darubini yote. Chini ya vikalio palikuwa na mafuta ya kiwandani; mafuta yale huzuia kutu dukani lakini ni adui wa skrubu ndogo. Akafuta matundu na skrubu kwa spiriti, akaweka tone la gundi ya bluu ya skrubu kwenye vikalio tu, akakaza kwa kipimo cha kitabu cha bunduki. Kwenye pete sikutaka gundi: inateleza kama mafuta ikiwa mbichi, unajikuta umebana kupita kiasi na kuliminya bomba. Pete zilikazwa inchi-ratili 15 hadi 18, yaani karibu nyutonimita 2, skrubu zikipokezana kwa msalaba ili nafasi pande zote mbili zilingane.

Kabla ya kukaza kabisa, alivaa koti lake la baridi. Hili watu hulisahau. Alifumba macho, akapandisha bunduki begani, akaegemeza shavu mahali lilipojipeleka lenyewe, kisha akafumbua. Kama kuna kivuli cheusi pembeni mwa duara, darubini iko mbali au karibu mno. Yake ilikuwa karibu mno hata bila koti. Kiwandani wameiweka kwa mtu wa wastani wa kwao. Tuliisogeza mbele karibu inchi moja. Faida yake si ya kuona tu: darubini iliyo karibu na jicho humpasua mtu nyusi siku atakapopiga akiwa amelala au anaelekeza juu mlimani.

Shavu nalo lilikuwa linaelea. Pete za seti zilikuwa ndefu ili bolti isigonge darubini, na kitako kilikuwa cha chini, kwa hiyo alikuwa analenga akiegemeza kidevu. Kipande cha sponji na gundi juu ya kitako kilitosha.

Mwisho, kioo cha nyuma. Alielekeza darubini kwenye anga tupu na kuzungusha duara la jicho hadi msalaba ukawa mweusi na mkali mara tu anapotazama. Mpaka siku hiyo alikuwa anauona kama ukungu na kudhani ndivyo bei ilivyo.

Kwenye uwanja, safari hii yadi 25, kasha moja la greni 150. Risasi tatu bila kugusa kirekebisho chochote. Zilikaa pamoja, inchi 3 kushoto. Kila kliki, yaani hatua moja ya kirekebisho cha darubini yake, ni robo ya dakika ya pembe. Kwenye yadi 100 hiyo ni kama robo inchi, na kwenye yadi 25 ni sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Kwa hiyo inchi 3 ni kliki 48 kulia. Alidhani nimekosea kuhesabu. Akazihesabu kwa sauti, akapiga, tundu likakaa katikati. Kwenye yadi 100 ilihitaji kliki chache tu, na kundi la risasi tatu likaja kuwa na upana wa inchi moja na nusu. Mtutu uliotakiwa kurudishwa dukani ulikuwa umekaa sawa muda wote.

Niliuliza pia kitu kimoja zaidi: aongeze kliki 20 juu, apige, kisha arudishe 20 chini, apige. Darubini za bei ya chini huwa zinashindwa hapo, msalaba haurudi ulipotoka. Yake ilirudi. Isingerudi, ningemwambia aitume kwa mtengenezaji kwa dhamana kabla ya msimu. Vortex, kwa mfano, wanatengeneza au kubadilisha bila kudai risiti, hata kwa mmiliki wa pili, na kwa darubini ya seti hilo lina thamani kuliko lenzi nzuri kidogo.

Akachora mstari wa rangi ya kucha ya mkewe kuvuka kila kichwa cha skrubu, ili ikizunguka aone.

Msimu

Wa kwanza kutokea alikuwa jike, karibu kabisa, na ndugu yetu hakuwa na leseni ya majike, ambayo huombwa peke yake. Akamwacha. Dume lenye ncha tatu upande mmoja, kama sheria inavyotaka katika maeneo mengi ya jimbo, lilikuja baadaye likivuka bonde, yadi 70 hivi, darubini ikiwa kwenye 4. Risasi moja. Wenzake walimsaidia kulivuta hadi barabarani, naye akaripoti kwa mamlaka ya wanyamapori ndani ya siku 10 kama inavyotakiwa. Nyama iligawanywa hadi kwa majirani wa Kirundi wa ghorofa ya chini.

Sasa anataka kubadilisha darubini, kwa sababu ameona ya mwenzake yenye kioo cha milimita 50 na taa nyekundu katikati. Nimemwambia asubiri. Angekuwa anahamia nyanda za Wyoming, ambako swala wa uwandani hupigwa kwenye yadi 300, au angekuwa na bunduki inayoshindwa kurudisha msalaba, ningekubali leo. Pia ningemkatalia seti tangu mwanzo kama angekuwa anatumia mkono wa kushoto na duka halina ya kushoto, au kama tayari angekuwa na darubini nzuri kabatini. Kwa Allegheny, fedha ile ile ni makasha saba au nane ya greni 150 za chapa ileile, na bado anafumba jicho kidogo kwenye risasi ya kwanza. Nilichokubali akinunue kabla ya Novemba ni mto wa shavu wa kufunga kwa kamba, maana gundi ya ile sponji iliachia kwenye baridi siku ya pili ya msimu.